Matuta na Mifuo: Umbo la Ubongo, Lugha na Dhana Potofu ya Akili

Katika mojawapo ya semina zetu za isimu-neva, mwanafunzi mwenzetu alitetea kwa ari dai ambalo wengi wetu tumelisikia tangu shule ya upili: kwamba kila mtu anapojifunza jambo jipya ubongo wake huongeza mkunjo mmoja, na kwamba msomi aliyebobea ana ubongo uliokunjamana kuliko wa mtu asiyesoma. Hakuna aliyempinga. Mhadhiri alitabasamu tu, akamtaka alete ushahidi wiki iliyofuata. Ushahidi haukupatikana kwa sababu haupo. Makala haya yamechipuka kutokana na mjadala ule. Yananuia kueleza mikunjo hiyo ni nini, hutokea vipi, inahusianaje na lugha, na ni kwa nini watu wameifanya mizani ya kupimia akili za wenzao. Aidha, yanagusia suala la istilahi, maana ni vigumu kueleza kitu ambacho hatujakubaliana kukiita nini.

Umbo na majina yake

Yeyote aliyewahi kupasua kichwa cha mbuzi jikoni ameuona ubongo: donge laini, la rangi ya maziwa yaliyochanganyika na majivu, lenye vijia vinavyopindapinda. Wa binadamu hauna tofauti kubwa kwa sura, ila ni mkubwa zaidi. Una uzito wa takriban kilo 1.3 hadi 1.4 na umegawanyika katika vizio viwili, cha kulia na cha kushoto. Juu ya vizio hivyo limetanda gamba la kijivu lenye unene wa milimita 2 hadi 4 tu. Gamba hilo likikunjuliwa na kutandazwa mezani, litachukua nafasi ya takriban sentimita za mraba 2,000, yaani karibu kurasa tatu za A4 zilizoungwa pamoja. Fuvu haliwezi kupokea kurasa hizo zikiwa zimenyooka. Zimekunjwa, na karibu theluthi mbili ya uso wake imejificha ndani ya mikunjo, hivi kwamba anayeutazama ubongo kwa nje huona sehemu ndogo tu ya gamba.

Hapa ndipo tatizo la istilahi linapojitokeza. Katika madarasa yetu neno “mkunjo” hutumiwa kwa mambo mawili yaliyo kinyume: sehemu iliyoinuka na sehemu iliyozama. Mwanafunzi akiandika katika mtihani kuwa jeraha lilikuwa “katika mkunjo wa tatu”, msahihishaji hajui kama anamaanisha mwinuko au mchirizi. Kwa mintarafu hii ninapendekeza tuazime lugha ya shamba. Sehemu iliyoinuka tuiite tuta, kama tuta la viazi vitamu. Kwa sehemu iliyozama, wapo wanaopendelea “mfereji”, lakini mfereji hudokeza maji yanayopelekwa mahali fulani. Wengine husema “ufa”, labda kwa kuvutwa na Bonde la Ufa letu. Neno hili lina kasoro kubwa zaidi: ufa ni mpasuko, na katika ubongo hakuna kilichopasuka. Gamba huteremka kando ya tuta, likapita chini kabisa ya mchirizi na kupanda tuta la pili bila kukatika. Bonde la Ufa lilitokana na ardhi kuvutwa pande mbili. Michirizi ya ubongo imetokana na kusongamana. Neno “makunyanzi” nalo linatuletea uso wa mzee, ilhali mtoto anayezaliwa leo tayari anayo matuta yote makuu. Limebaki neno “mfuo”, ambalo halidai zaidi ya mchirizi uliozama kama ule wa ubaoni. Basi katika makala haya tuta ni mwinuko, mfuo ni mchirizi, na mkunjo ni hali ya jumla ya gamba kujikunja.

Mifuo miwili mikuu yafaa ifahamike na kila mwanafunzi wa isimu. Wa kwanza ni mfuo wa kati, unaoteremka kutoka utosini na kutenganisha tuta linalotawala misuli na tuta linalopokea hisi za mguso. Wa pili ni mfuo wa Sylvius, uliopewa jina la mwanaanatomia wa karne ya 17, Franciscus Sylvius. Huu hulala ubavuni mwa ubongo, juu ya sikio, na kuuzunguka ndiko kulikojikusanya sehemu kubwa ya shughuli za lugha.

Mikunjo hutokea vipi?

Katikati ya mimba ubongo wa kijusi karibu wote ni laini kama yai. Mfuo wa Sylvius huanza kujionyesha mapema, lakini matuta mengi hujitokeza katika miezi mitatu ya mwisho. Chembe zitakazokuwa seli za neva huzaliwa ndani kabisa, karibu na matundu yenye majimaji, kisha hukwea kuelekea juu kwa kufuata nyuzi nyembamba, mithili ya wakwezi katika minazi. Zikifika juu hujipanga kwa tabaka na kulifanya gamba lipanuke kwa kasi kuliko sehemu nyeupe iliyo chini yake.

Msomaji afikirie utandu wa maziwa yaliyochemshwa. Ukiupuliza kutoka upande mmoja, utandu husukumwa, na kwa kuwa hauna pa kwenda, hujikunja. Gamba la ubongo nalo limeshikamana na tabaka lisilokua kwa kasi yake. Likizidi kupanuka halina budi kujipinda. Mwaka 2016 kundi la watafiti walioshirikiana na L. Mahadevan wa Chuo Kikuu cha Harvard na Tuomas Tallinen wa Chuo Kikuu cha Jyväskylä, Ufini, lilionyesha jambo hili kwa njia ya kupendeza. Walichukua picha za ubongo wa kijusi ambao bado ulikuwa laini, wakaunda mfano wake kwa jeli, wakaupaka tabaka jembamba la jeli nyingine, kisha wakautumbukiza katika kiowevu. Tabaka la nje lilifyonza kiowevu likavimba. Katika dakika chache mfano ule ulikuwa na matuta na mifuo iliyofanana mno na ya ubongo halisi. Jeli haikuwa na akili. Haikusoma kitabu.

Haimaanishi kuwa jeni hazina kazi. Ndizo zinazoamua gamba likue kiasi gani na wapi, na ndiyo maana mifuo mikuu hupatikana mahali pale pale kwa watu wote. Midogo hutofautiana kutoka mtu hadi mtu, hata kwa pacha wa kufanana, karibu kama alama za vidole. Baada ya utotoni hakuna tuta jipya linaloota kwa sababu ya masomo. Tafiti za picha za ubongo zinaonyesha kwamba kiwango cha mkunjo hupungua kidogo kadiri umri unavyosonga.

Wapo watoto wanaozaliwa na ubongo laini kwa sababu chembe zilishindwa kukamilisha safari yake ya kukwea, na mara nyingi huishi na kifafa na udumavu mkubwa. Mtu angeweza kudhani kuwa hapo dai la mwenzetu limethibitishwa. La hasha! Ipo hali nyingine ambapo matuta huwa mengi kupita kiasi, madogomadogo, yamesongamana. Yanapotokea kandokando ya mfuo wa Sylvius, huweza kumtatiza mtoto katika kusema na hata kumeza. Kilichoharibika katika hali zote mbili ni mpangilio wa seli. Mkunjo ni dalili tu.

Wanyama nao wanatoa ushahidi uo huo. Panya ana ubongo laini, nayo ni kwa sababu ni mdogo. Nguva, yule mnyama mpole wa bahari anayepatikana kwa nadra katika maji ya Lamu, ana ubongo mkubwa lakini wenye mifuo michache ya kushangaza. Ndovu ana ubongo wa kilo 4 hadi 5, uliokunjamana kuliko wetu, ila gamba lake lina seli za neva bilioni 5.6 tu, ilhali la binadamu lina takriban bilioni 16. Mwaka 2015 Bruno Mota na Suzana Herculano-Houzel wa Brazil walionyesha kwamba kiwango cha mkunjo hutegemea upana na unene wa gamba, si idadi ya seli zake. Kanuni ni ile ile inayotawala karatasi iliyofinyangwa mkononi: karatasi pana na nyembamba hukunjamana zaidi ya ndogo na nene.

Tuta la tatu la mbele

Kwa mwanafunzi wa Kiswahili, hadithi ya matuta ina uzito kwa sababu ya mgonjwa mmoja wa Ufaransa. Louis Victor Leborgne alipoteza usemi akiwa na umri wa miaka 30 hivi, akalazwa katika hospitali ya Bicêtre karibu na Paris kwa miaka 21. Alielewa mengi aliyoambiwa, lakini jibu lake kwa kila swali lilikuwa silabi moja, “tan”, ambayo aghalabu aliitamka mara mbili huku akibadilisha kiimbo na kutumia ishara za mikono. Alipokasirika sana, laana moja kamili ilimponyoka. Alifariki tarehe 17 Aprili 1861, na siku iliyofuata daktari Paul Broca aliwaonyesha wanachama wenzake wa chama cha anthropolojia ubongo wa marehemu. Jeraha lilikuwa katika kizio cha kushoto, sehemu ya nyuma ya tuta la tatu la mbele. Kufikia mwaka 1865, baada ya kuwachunguza wagonjwa wengine, Broca alitamka kuwa tunazungumza kwa kizio cha kushoto. Mwaka 1874 Carl Wernicke, akiwa na umri wa miaka 26, alieleza wagonjwa wa namna nyingine: wanasema kwa ufasaha lakini maneno yao hayana maana, nao hawaelewi wanayoambiwa. Jeraha lao lilikuwa nyuma zaidi, katika tuta la juu la ubavuni, upande wa pili wa mfuo wa Sylvius.

Jambo ambalo vitabu vyetu hupita mbio ni hili: kwa nini Broca aliweza kusema “tuta la tatu”? Kwa karne nyingi wachoraji walichora matuta ya ubongo kama utumbo au tambi, bila mpangilio, kwa kuwa waliamini hayana mpangilio. Ni katika miaka ya 1850 ambapo wanaanatomia kama Louis Pierre Gratiolet waliyalinganisha ya binadamu na ya tumbili na sokwe, wakaonyesha kuwa yana ruwaza maalum. Broca alikuta majina yako tayari, au karibu tayari. Bila majina hayo angesema nini? Kwamba jeraha lilikuwa “huko mbele, karibu na jicho”? Wanaodhani kuwa kazi ya istilahi ni ya kujipamba wautafakari mfano huu.

Broca hakuukata ubongo wa Leborgne, aliuhifadhi mzima. Uamuzi huo ulizaa matunda mwaka 2007, wakati Nina Dronkers na wenzake walipoupiga picha kwa mashine za kisasa. Jeraha lilipenya ndani zaidi kuliko Broca alivyoweza kuona kwa nje, likaharibu nyuzi zinazounganisha sehemu mbalimbali. Hivyo haifai tena kusema kwamba lugha “inakaa” katika tuta fulani. Matuta ni kama stesheni. Njia zinazoyaunganisha zina umuhimu sawa nayo. Hata hivyo, tofauti ya vizio viwili ni ya kweli. Mwaka 1968 Norman Geschwind na Walter Levitsky walichunguza bongo 100 za watu wazima, wakapata kuwa uwanda uliofichika ndani ya mfuo wa Sylvius, karibu na eneo la Wernicke, ulikuwa mkubwa zaidi upande wa kushoto katika bongo 65.

Kuna swali hapa ambalo lingefaa liwe letu. Mzungumzaji wa Kiingereza mwenye afasia ya Broca aghalabu hudondosha viambishi na kubaki na shina ambalo bado ni neno halali. Kiswahili hakitoi nafuu hiyo kwa urahisi. Ukidondosha “a-” na “-na-” katika “anapika”, unabaki na “pika”, ambayo ni amri. Ukidondosha viambishi vyote vya “hawakunipigia” unabaki na mzizi usiotamkika peke yake. Je, mgonjwa wetu hudondosha, au hubadilisha kiambishi kimoja kwa kingine, aseme “kitabu wameanguka” badala ya “kitabu kimeanguka”? Utafiti uliofanywa kuhusu Kiebrania, ambacho pia shina lake haliwezi kusimama peke yake, unaelekea upande wa kubadilisha. Wagonjwa wa kiharusi wanaozungumza Kiswahili hawakosekani katika hospitali za kaunti zetu. Kinachohitajika ni mwanaisimu mwenye kinasa sauti, kibali cha hospitali na subira.

Mikunjo kama mizani

Tamaa ya kusoma akili juu ya uso wa ubongo ni kongwe. Mafunjo ya tiba ya Misri yajulikanayo kwa jina la Edwin Smith, yaliyonakiliwa takriban mwaka 1600 kabla ya Kristo, yanaeleza jeraha la kichwa lililofichua ubongo, na kuifananisha sura yake na viwimbi vinavyotokea juu ya shaba iliyoyeyushwa. Mwandishi yule wa Kiafrika alieleza alichokiona, akakomea hapo. Erasistratus, tabibu Mgiriki wa karne ya 3 kabla ya Kristo, hakukomea hapo: alidai kuwa binadamu huwapita wanyama kwa akili kwa sababu ubongo wake una mikunjo mingi zaidi. Karne kadhaa baadaye Galen alimjibu kwa mfano mmoja: punda. Ubongo wa punda umekunjamana vilivyo, alisema, na hakuna aliyewahi kumsifu punda kwa hekima. (Wapenzi wa punda wa Lamu watasamehe.)

Jibu la Galen lilitosha, lakini halikusikizwa. Katika karne ya 19 wasomi wa Ulaya walianza kukusanya bongo za watu mashuhuri. Mwanahisabati Carl Friedrich Gauss alipofariki mwaka 1855, ubongo wake ulihifadhiwa Göttingen na matuta yake yakasifiwa kwa utajiri. Kichekesho ni kwamba mwaka 2013 Renate Schweizer aligundua kuwa ubongo uliokuwa katika chupa yenye jina la Gauss haukuwa wake. Ulikuwa wa daktari Conrad Heinrich Fuchs, aliyefariki mwaka ule ule. Chupa mbili zilikuwa zimebadilishana majina kitambo, na hakuna aliyeng'amua kwa kutazama matuta yapi ni ya mwerevu wa zama na yapi ni ya tabibu wa kawaida. Wapenzi wa fasihi nao wana mfano wao. Ubongo wa Ivan Turgenev ulikuwa na uzito wa gramu 2,012. Wa Anatole France, mshindi wa Tuzo ya Nobel ya Fasihi mwaka 1921, ulikuwa wa gramu 1,017, karibu nusu yake.

Kwetu mambo hayakuishia katika vichekesho. Broca yule yule alitumia miaka mingi kupima mafuvu na bongo ili kupanga daraja za jamii za watu. Mbinu hizo zilifika Nairobi. Katika miaka ya 1930 H. L. Gordon, daktari wa hospitali ya Mathari, alishikilia kwamba Waafrika wa Kenya walikuwa na upungufu wa akili wa kuzaliwa. F. W. Vint, aliyefanya kazi katika maabara ya tiba ya serikali, alipima bongo za Wakenya waliofariki na mwaka 1934 akachapisha matokeo katika jarida la anatomia la Uingereza. Alidai kuwa bongo hizo zilikuwa nyepesi kuliko za Wazungu na gamba lake lilikuwa jembamba zaidi. Uzito wa ubongo hufuata ukubwa wa mwili, lishe na maradhi yaliyomwua mtu, lakini madai hayo yalifaa sera za elimu za wakati ule, na wapo waliosafiri nayo hadi London kuyatetea. Baadaye J. C. Carothers, naye wa Mathari, alimfananisha Mwafrika mwenye afya na Mzungu aliyekatwa nyuzi za sehemu ya mbele ya ubongo. Shirika la Afya Duniani lilichapisha kitabu chake mwaka 1953, na mwaka 1954 serikali ya kikoloni ikamtegemea aeleze chanzo cha Mau Mau kwa lugha ya saikolojia, kana kwamba suala la ardhi halikuwapo. Frantz Fanon alimjibu Carothers katika kitabu cha mwaka 1961 ambacho wasomaji wa Kiswahili wanakifahamu kwa jina la Viumbe Waliolaaniwa.

Nayataja haya kwa sababu dai la mwenzetu semina ile, japo alilitoa kwa nia njema ya kuhimiza usomaji, limesimama juu ya msingi ule ule. Ukikubali kwamba msomi ana mikunjo mingi, umekwisha kubali kwamba nyanya yako asiyejua kusoma ana michache. Wahenga walisema akili ni nywele, kila mtu ana zake, hawakusema zihesabiwe.

Hata hivyo, mwenzetu hakukosea katika jambo moja: kujifunza kunabadilisha ubongo. Mwaka 2009 Manuel Carreiras na wenzake walichapisha uchunguzi uliofanywa nchini Kolombia, miongoni mwa wapiganaji wa zamani wa msituni waliorejea uraiani na kujifunza kusoma wakiwa watu wazima. Walipolinganishwa na wenzao ambao bado hawakuwa wamejifunza, walikuwa na sehemu ya kijivu nyingi zaidi katika maeneo kadhaa yanayohusika na usomaji, na nyuzi nyeupe zinazounganisha vizio viwili upande wa nyuma zilikuwa zimeimarika. Mabadiliko hayo yalitokea ndani ya gamba ambalo lilikuwa limekwisha kujikunja tangu walipokuwa watoto wachanga, kabla hawajaiona herufi a.